Suti ya Kuazima Katika Joto la Machi

Kijana aliingia chumba cha intavyu saa nne kasorobo asubuhi, wiki ya pili ya mwezi wa Machi, amevaa suti nyeusi ya sufi. Mabega ya koti yalimpita kwa vidole vitatu, mikono yake ilifunika nusu ya viganja, na kola ya shati ilikuwa imeloa hata rangi imegeuka. Alitoka Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Alivuka kwa feri amebanwa na watu, akapanda matatu ya kwanza aliyoipata, kisha akatembea kipande kilichobaki mbiombio asije akachelewa. Tulimwuliza hati ya shehena husomwa vipi, akajibu sawasawa, huku jasho likimdondoka kidevuni na kuangukia vyeti alivyovipakata. Akavipangusa kwa kiganja. Wino wa muhuri ukatapakaa. Akasema, "Samahani," akatazama chini, na kuanzia hapo majibu yake yakawa mafupi mafupi.

Alipotoka, mwenzangu mmoja wa jopo aliandika kwenye karatasi yake, "Hajiamini." Mwingine alimpa mbili juu ya tano kwenye safu ya unadhifu. Mimi nilimpa tatu, nikaona nimemfanyia ukarimu. Kazi akaipata kijana mwingine, aliyeshushwa mlangoni na gari lenye kiyoyozi, akaingia mkavu, tai yake imenyooka.

Sikulala vizuri usiku ule. Barua ya kuwaita wote wawili niliiandika mimi, na ndani yake niliweka maneno mawili ninayoyaweka kila mwaka bila kuyafikiria: mavazi rasmi. Kila anayetafuta kazi Mombasa ajua maneno hayo yana maana gani kwa mwanamume. Ni koti, tai, soksi na viatu vya ngozi. Asiyekuwa navyo huenda kwa binamu akaazima. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, nami siku ile niliuona ukweli wa maneno hayo kwa macho yangu. Ile suti ilimfichua yule kijana: ikasema hana yake, ikasema hakuja kwa gari, ikasema nyumbani kwao hakuna mtu wa kimo chake anayefanya kazi ya ofisi. Tulidhani twapima unadhifu, kumbe twapima umbali kutoka Likoni.

Nina miaka mingi katika kuajiri watu kwenye kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, na wanaonijua watakwambia si mtu wa kulegeza mambo. Naamini mavazi ya kazini yahitaji kanuni, tena kali. Ninacholalamikia ni kwamba kanuni tulizo nazo zilikatwa kwa kipimo cha mji mwingine na mwili mwingine, ilhali Mwambao huu una kipimo chake cha mavazi ya heshima, cha zamani na kikali kuliko suti, na maofisi yetu yamekifungia nje.

Tuanze na joto. Mwaka 1941 wanasayansi waliokuwa wakichunguza namna mwili unavyotunza joto walibuni kipimo cha nguo, wakakiita klo. Klo moja ni nguo zinazomtosha mtu aliyeketi ametulia, asione baridi wala joto, ndani ya chumba cha nyuzi 21 chenye hewa isiyo na unyevu mwingi. Kwa makadirio, klo moja ni suti kamili ya mwanamume pamoja na shati na nguo za ndani. Yaani suti ni vazi la nyuzi 21. Shati la mikono mifupi na suruali nyepesi ni kama nusu ya hapo. Sasa ichukue suti hiyo uilete Mombasa wakati wa maleleji, kaskazi imekatika na kusi haijaanza, mchana umepita nyuzi 31 na hewa imejaa unyevu wa bahari. Jasho huupoza mwili kwa kukauka. Kwenye hewa iliyoloa halikauki, latiririka tu, na koti juu yake lafanya mambo kuwa mabaya zaidi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kuna asubuhi za Julai ambapo koti ni hitaji la mwili. Hapa halijawahi kuwa hitaji la mwili wa mtu yeyote.

Jawabu la maofisi limekuwa ni kukipoza chumba mpaka kiifae suti. Kiyoyozi chashushwa hadi nyuzi 18 au 19 ili mabwana wenye makoti wapumue, na bili ya stima ikija twaguna. Wanaoumia ni wengine. Kwenye ofisi yetu nyuma ya kila kiti cha mwanamke mmetundikwa shali au sweta, katika mji ambao mtu akitoka nje kununua maji huloa mgongo kabla hajafika dukani. Mwaka 2015 watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba hesabu ya zamani inayotumika kupanga joto la maofisi ilijengwa juu ya mwili wa mwanamume wa miaka 40 mwenye kilo 70 hivi, na mwili wa mwanamke kwa kawaida huzalisha joto kidogo kuliko hesabu hiyo inavyodhani. Basi chumba chetu kimepangwa kwa ajili ya mwanamume aliyevaa koti, na sisi wengine twajikunyata ndani ya hewa yake.

Wajapani walilitazama jambo hili wakaligeuza. Mwaka 2005, wakati wa Waziri Mkuu Junichiro Koizumi, serikali yao ilianzisha kampeni iliyoitwa Cool Biz. Ofisi ziliombwa zisishushe viyoyozi chini ya nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na watumishi wavue tai na makoti. Koizumi mwenyewe alionekana hadharani bila tai. Baada ya tetemeko la ardhi na maafa ya kiwanda cha nyuklia cha Fukushima mwaka 2011, umeme ulipopungua, wakalegeza zaidi. Wajapani hawajulikani kwa uzembe kazini. Walianza kwa kuuliza hali ya hewa yasemaje, ndipo wakaandika kanuni. Sisi tuliipokea kanuni ikiwa imekwisha kuandikwa, tukaiachia hali ya hewa ijitafutie njia.

Na kanuni hiyo ilifikaje? Hapa ndipo pananiuma, kwa sababu mji huu haukuwa na upungufu wa mavazi rasmi. Katika Mombasa ya zamani nguo ilikuwa kama hati ya mtu. Mwungwana alijulikana kwa kanzu, joho na kilemba. Mtumwa hakuruhusiwa kofia wala viatu, na nguo yake ilikuwa merikani au kaniki, vitambaa vya bei rahisi. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo watu walioachwa huru waliyafanya ni kuvaa walichokatazwa. Wanaume wakavaa kofia. Wanawake wakajifunika kwa leso, na baadaye buibui, kama walivyojifunika mabibi wa waungwana. Bibi zetu walijua vizuri kabisa kwamba nguo ni madai ya heshima, wala hawakuhitaji kuja kufundishwa na mtu.

Wakoloni nao wakaitwaa kanzu nyeupe na tarbushi nyekundu, wakamvisha boi. Kote Afrika Mashariki mtumishi wa nyumbani kwa mzungu, aliyepakua supu na kubeba sinia la chai, alivikwa kanzu. Karani aliyekaa mezani akavaa shati na suruali. Mwaka 1905 makao ya serikali yakahamishwa kutoka Mombasa kwenda Nairobi, na mambo ya ofisi yakawa yanaamuliwa huko juu, kwenye ubaridi. Hivyo ndivyo vazi la mwenye mji lilivyoshushwa likawa vazi la mhudumu. Hakuna aliyesema kanzu ni chafu au haisitiri. Iliwekwa upande wa pili wa sinia, ikabaki huko.

Bado iko huko. Nenda hoteli nyingi za ufukweni, kutoka Nyali hadi Diani, utamkuta kijana mwenye kanzu na kofia akimletea mgeni dafu, na wasimamizi wake wakimwona yuko nadhifu kabisa. Kijana huyohuyo akienda Jumatatu kuomba kazi ya kaunta mjini na kanzu ileile, ataambiwa hakuvaa rasmi. Siku ya Ijumaa ataruhusiwa, kwa sababu ya swala, kana kwamba kanzu ni ruhusa ya nusu siku. Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na kila nikilifikiria moyo wanichoma: vazi letu lafaa kupamba likizo ya mtu mwingine, halifai kutia saini barua.

Lakini dola lenyewe lajua vyema. Ibara ya 170 ya Katiba ya mwaka 2010 inazitambua mahakama za Kadhi, na Kadhi huketi kuamua ndoa, talaka na mirathi akiwa na joho lake na kilemba. Ikiwa vazi hilo latosha kuamulia mali ya marehemu, sioni vipi halitoshi kupokelea fomu za forodha.

Baada ya intavyu ile nilikwenda kwa fundi wangu katika Mji wa Kale. Ni mzee aliyemshonea mama yangu nguo za arusi, mtu wa kizazi kilichojifunza kazi kwa kukaa miaka chini ya meza ya mwalimu, na siku ya kufuzu ukampelekea mwalimu wako kilemba. Nilibeba kitambaa cha kijivu nilichonunua kwa bei nzuri, nikifikiria sare za wenzangu wa mapokezi.

"Wataka koti?" akaniuliza, akikisugua kitambaa baina ya kidole gumba na cha shahada.

"Ndiyo, ami. La mikono mirefu, lenye bitana."

"Bitana ya nini, mwanangu? Bitana humzuia mtu asipate baridi. Hapa nani apata baridi?"

Sikuwa na jawabu. Akachomoa uzi mmoja kwenye pindo la kile kitambaa, akaushika kwa kibanio, akawasha kibiriti. Uzi haukuungua. Ulijikunja ukayeyuka, ukawa tone jeusi, akalisubiri lipoe akaniwekea kiganjani. Lilikuwa gumu kama punje ya mchanga. Kisha akachomoa uzi wa kikoi alichojifunga, akauwasha vilevile. Huo uliungua kama karatasi, ukaacha jivu laini ambalo lilipeperuka alipolipuliza.

"Hiki chako ni plastiki," akasema. "Wenzio utawavika mfuko."

Nilirudi na kitambaa changu chini ya kwapa, nikakitia kabatini, hakijatoka hadi leo. Wiki iliyofuata tulikwenda naye Mtaa wa Biashara, kulikojaa maduka ya leso, vikoi na vitambaa, akanichagulia pamba. Alinifundisha mambo ambayo sikuyakuta katika mwongozo wowote wa kuajiri. Kwamba kwapa likatwe pana ili hewa ipite. Kwamba kola ndiyo uso wa shati, ikisimama vizuri hakuna atakayeuliza tai iko wapi. Kwamba shati la kuachiwa nje lapaswa kukatwa pindo la kunyooka, maana lile la mviringo limekatwa kwa kuchomekwa, likiachwa nje laonekana kama mtu ametoka kulala. Kwamba pamba yataka pasi na wanga kidogo, na asiyekuwa tayari kupiga pasi asiseme anataka nguo ya heshima. Hapo mzee alikuwa mkali kuliko meneja yeyote niliyewahi kufanya naye kazi.

Ukali huo ndio ninaousema. Nyumbani kwetu kuna nguo za kushindia na kuna nguo za kutokea, na mtoto wa miaka saba ajua tofauti. Dera ni nguo ya kushindia hata likiwa la hariri. Mwenzangu akija nalo ofisini nitamwita pembeni nimwambie kwa upole arudi akabadilishe, na hatanibishia, kwa sababu mama yake angemwambia vivyo hivyo. Ndara ni za bafuni na ufukweni. Fulana yenye picha ya mgombea haina nafasi mbele ya mteja. Shati lenye mikunjo ya jana laonyesha hukujiandaa. Tena kuna harufu, ambayo watu wa Pwani waliipa uzito wake zamani: nguo hufuliwa, huanikwa juani, na nguo ya kutokea hufukizwa udi kwenye chetezo. Katika mji wa jasho hili, kuoga asubuhi na kubadilisha shati kila siku ni nguzo ya unadhifu, na tai haiwezi kuchukua nafasi yake. Nimekaa na wanaume wenye suti za bei kubwa ambazo hazijafika kwa dobi tangu mfungo uliopita. Wazee wangesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Lakini udi nao una mahali pake. Ofisi ya watu kumi iliyofungwa madirisha haiwezi kubeba manukato kumi, na mwenye pumu ataumia. Nimelazimika kuwaomba wenzangu wapunguze marashi, na haikuwa rahisi, kwa sababu waliona nawagusa kwenye heshima yao. Tulielewana nilipowaeleza sababu.

Sababu ndiyo roho ya jambo hili, na hapo Katiba yetu imesema jambo ambalo wengi huruka wakisoma. Ibara ya 27 yakataza ubaguzi kwa misingi mingi, nayo yaitaja mmoja mmoja: rangi, jinsia, ujauzito, umri, ulemavu, dini, utamaduni, lugha. Katikati ya orodha hiyo kuna mavazi. Yametajwa kwa jina lake. Tena ibara hiyo haiizuii serikali peke yake, yamzuia pia mtu kumbagua mwenziwe kwa misingi hiyo. Siisomi kuwa kila kanuni ya mavazi ni haramu. Naisoma kuwa anayeweka kanuni awe na sababu ya kikazi ambayo aweza kuitamka mbele ya watu. "Ndivyo tulivyozoea" si sababu. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa na amsikilize mbele ya mwenzake wa kazi. Kumrudisha mtu nyumbani moja kwa moja kwa sababu ya kofia ni jambo ambalo mkuu wa ofisi apaswa kulifikiria mara mbili.

Tatizo ni kwamba walio juu wametuonyesha mifano inayopingana. Mwaka 2011 Dkt. Willy Mutunga alipohojiwa kwa nafasi ya Jaji Mkuu, kipini chake cha sikioni kilizungumzwa kama kwamba ni kesi, naye akasimama imara kwamba hatakivua kwa ajili ya cheo. Akapewa cheo, na sikio lake halikuizuia mahakama kufanya kazi. Novemba 2023, kinyume chake, Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, wakati ambapo Rais mwenyewe, William Ruto, alikuwa amezifanya vazi lake la kila siku. Wanaume wakaagizwa koti, kola, tai, shati la mikono mirefu, suruali ndefu, soksi na viatu. Suti ya Kaunda, kwa wasioijua, ni koti jepesi la mikono mifupi na suruali ya kitambaa kimoja, iliyopewa jina la rais wa kwanza wa Zambia. Kwa hali ya hewa ya Mombasa ni karibu sana na kile ambacho fundi wangu angekata. Ikatolewa nje kwa kuwa haina tai.

Sijasema la kutosha juu ya wanawake, na wao ndio wanaochunguzwa zaidi. Mwanamume akishavaa shati na suruali amekwisha. Mwanamke kila asubuhi yuko baina ya pande mbili zinazomvuta. Upande mmoja kuna wanaomwona mwenye buibui hafai kukaa mbele, "picha ya kampuni" wanasema, wampeleke nyuma kwenye mafaili. Nimelisikia kwa masikio yangu, kwenye mkutano wa ofisi niliyoifanyia kazi zamani, kuhusu dada mwenye alama za juu kuliko wote tuliowaita. Alikosa nafasi ya mapokezi, nami nilikaa kimya. Nilikuwa mgeni pale na niliogopa. Upande wa pili kuna wanaomwona mwenye sketi au suruali amejianika, na jicho hilo halikomei kwenye maneno. Novemba 2014 wanawake waliandamana Nairobi baada ya mmoja wao kuvuliwa nguo na wanaume kwenye kituo cha matatu, na mwishoni mwa mwaka huo Bunge likaongeza kifungu kwenye sheria ya jinai: anayemvua mtu nguo kwa nguvu afungwe si chini ya miaka 10. Ofisi yapaswa kuwa mahali ambapo mwanamke anapumzika kutokana na macho hayo. Kanuni isemayo "vaa kwa heshima" bila kufafanua humwachia kila mwenye macho awe hakimu. Urefu uandikwe, kitambaa cha kuonyesha mwili kitajwe, na baada ya hapo watu wafunge midomo.

Kuna mahali ambapo kazi yenyewe ndiyo inayoamua, na hapo sibishani hata kidogo. Kwenye yadi ya makonteina hakuna kanzu, hakuna makubadhi, hakuna ncha ya mtandio inayoning'inia. Kuna helmeti, kizibao cha kung'aa na buti zenye chuma mbele. Mwenzetu mmoja anayekagua mizigo amejishonea mitandio ya pamba yenye mpira, inakaa kichwani bila pini, ncha zote zimeingizwa ndani ya ovaroli, na helmeti inatulia juu yake bila kuyumba. Aliifikiria mwenyewe. Kabla ya hapo msimamizi alimwambia achague kati ya hijabu na yadi, na ilimchukua wiki moja na cherehani kumwonyesha kwamba hakukuwa na haja ya kuchagua. Sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri atoe nguo za kujikinga kwa wanaokabiliwa na hatari. Mimi naona tungekwenda hatua moja zaidi: kampuni ikitaka sare fulani, koti fulani au rangi fulani, ilipe yenyewe. Kumwambia karani wa mshahara wa mwanzo anunue suti mbili kabla hajapokea shilingi ya kwanza ni kumkata mshahara kwa mlango wa nyuma.

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu meneja wetu amekwisha kunijibu: wateja watatuonaje? Ni swali la haki, biashara yataka imani. Lakini wateja wetu ni nani? Baadhi yao watoka Ghuba. Oman mtumishi wa serikali huenda kazini na kanzu yake na kilemba, na hapo ndipo mikataba ya mafuta inapotiwa saini. Mwomani akiingia ofisini kwetu na kanzu twasimama kumpokea. Wengine watoka Kampala na Kigali, wamefika wamechoka na safari, na wanachouliza ni konteina lao liko wapi na litatoka lini. Kwa miaka yote hii sijasikia mteja akilalamikia shati la mtu lisilo na tai. Nimewasikia wakilalamikia kusubiri, kudharauliwa, na kutojibiwa simu.

Basi nimeandika ukurasa mmoja, Kiswahili upande huu na Kiingereza upande wa pili. Unasema shati lenye kola, mikono mirefu au mifupi, safi, lililopigwa pasi. Kanzu na kofia siku yoyote ya wiki kwa kazi za mezani. Buibui, hijabu, gauni lililopita goti, suruali, vyote ruhusa mezani na mapokezi. Suti kwa anayeipenda. Kiyoyozi kisishuke chini ya nyuzi 24. Kwenye yadi, mavazi ya yadi. Meneja ameusoma, amepiga mstari mmoja chini ya neno kanzu, ameandika pembeni, "Tuzungumze." Tutazungumza Jumanne, na nitakwenda na ule uzi ulioyeyuka, niliuhifadhi kwenye bahasha.

Barua ya intavyu sikungojea ruhusa ya mtu kuibadilisha. Maneno mavazi rasmi nimeyatoa. Sasa inasema: njoo na nguo safi iliyopigwa pasi, suti si lazima, na ukifika mapema kuna maji na feni mahali pa kungojea. Yule kijana wa Likoni nimemwandikia pia, nafasi nyingine ikitangazwa atakuwa wa kwanza kuitwa.

Jana alasiri msichana mmoja alinipigia simu kutoka Mtongwe, ameipata barua.

"Shikamoo mama. Samahani, nauliza tu. Naweza kuja na makubadhi?"

"Marahaba, mwanangu. Kwenye intavyu njoo nayo, yawe safi. Lakini baadaye tutateremka godauni kukuonyesha kazi, kwa hivyo tia viatu vya kufunika vidole kwenye mkoba."

Alinyamaza kidogo, akauliza rangi. Nikamwambia yoyote.